Orodha ya Busia

Kazi ya Profesa Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilianzia kwenye orodha ya shule za msingi 75 za tarafa za Budalangi na Funyula, kusini mwa Busia, magharibi mwa Kenya. Zaidi ya miaka 25 imepita na orodha hiyo bado haijafungwa. Nimeifuatilia kazi hii makala baada ya makala, pamoja na viambatisho vya nyuma ambavyo wasomaji wengi huviruka, na kila nikirudi kuisoma navutwa zaidi na mikono iliyoifanya kuliko na majibu iliyoyatoa. Wachumi wengi wameandika juu ya umaskini wa Afrika. Wachache wamekubali kumfuata mtoto mmoja wa darasa la tatu mpaka naye akawa na watoto wake.

Budalangi ni nchi ya maji. Mto Nzoia hupita hapo ukielekea Ziwa Victoria, na mvua zikizidi hufurika mpaka mashambani. Miaka ya 1990 mtoto wa huko alicheza pekupeku, alichota maji mtoni na kuogelea ziwani. Safura ilimwingia kwa nyayo, kichocho kikapenya ngozi akiwa majini, na minyoo mingine ikamfikia kwa mikono na chakula. Mwanzoni mwa mwaka 1998, sampuli ya wanafunzi ilipopimwa choo, asilimia 92 walikutwa na angalau aina moja ya minyoo. Dawa zilikuwepo na hazikuwa ghali: albendazole kwa minyoo ya tumboni, praziquantel kwa kichocho. Kwamba zinaua minyoo, madaktari walikwisha kujua. Kilichokuwa hakijulikani ni mtoto akishatibiwa anapata nini zaidi ya tumbo lililopona, na nani mwingine anafaidika.

Miguel alizaliwa mwaka 1974. Alisoma uchumi na hisabati katika taasisi ya MIT, akapata uzamivu Harvard mwaka 2000, na mwaka huohuo akaanza kufundisha Berkeley. Busia aliifahamu akiwa bado mwanafunzi, kupitia Michael Kremer, ambaye katikati ya miaka ya 1980 alikuwa mwalimu wa sekondari magharibi mwa Kenya na mwaka 2019 alikuja kuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Shirika la Kiholanzi la ICS lilikuwa likisaidia shule za wilaya hiyo na lilitaka kugawa dawa za minyoo. Lisingeweza kuzifikia shule zote 75 kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watafiti walipopata mlango: ikiwa lazima shule nyingine zingoje, basi mpangilio wa kungoja ufanywe kwa namna ambayo itafundisha kitu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuamua nani alinganishwe na nani. Majaribio mengi ya awali yalichukua watoto wa shule moja, nusu wakapewa dawa na nusu wakaachwa, kisha wakapimwa. Tofauti ikatokea ndogo, na wengi wakahitimisha kuwa dawa haina makubwa. Miguel na Kremer waliiona kasoro ya mpango huo. Minyoo huambukizwa. Ukimtibu Achieng, anaacha kumwaga mayai ya minyoo kwenye udongo anaoukanyaga Wafula, na Wafula asiyetibiwa naye anapata nafuu. Ukiwalinganisha wawili hao unamlinganisha aliyepona na aliyepona nusu, kisha unashangaa kwa nini tofauti haionekani. Kwa hiyo waliacha kupanga mtoto mmoja mmoja, wakapanga shule nzima nzima.

Shule ziligawanywa kwanza kwa kanda za elimu, na kwa kuzingatia misaada mingine ziliyokuwa zikipata. Kisha zikaandikwa kwa alfabeti na kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu, hadi mwisho wa orodha. Yakapatikana makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, la tatu mwaka 2001. Wakosoaji waliokuja baadaye walisema alfabeti si kura kamili, na hoja yao ina uzito. Mimi naona jambo lingine pia: mzazi yeyote wa Funyula angeweza kuusimamia utaratibu huo kwa macho yake na kuuelewa, na katika kazi inayogusa watoto wa watu hilo si dogo.

Kisha ikaja kazi ya kuhesabu mahudhurio. Njia rahisi ingekuwa kunakili rejista za walimu, lakini rejista hujazwa kwa sababu nyingi, na si zote ni za kweli. Basi wahojaji walifika shuleni bila kutoa taarifa, wakiwa na majina, wakapita darasa kwa darasa na kuandika nani yupo kwa macho. Aliyehamia shule nyingine ya eneo hilo alifuatwa huko alikohamia. Aliyeacha shule hakufutwa: aliendelea kubaki kwenye karatasi, na kila ziara alihesabiwa kuwa hayupo. Hapa pana uaminifu ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Ukimfuta aliyeacha shule, takwimu zako zinapendeza na kusema uongo, kwa sababu mtoto aliyeshindwa kuendelea ndiye hasa uliyetaka kujua habari zake.

Wasichana wa miaka 13 na kuendelea hawakupewa dawa kwa utaratibu wa kawaida, kwa hofu ya madhara iwapo wangekuwa wajawazito, na watoto wengine hawakuwepo siku ya kugawa. Kwa mtafiti asiye makini hao wangekuwa usumbufu. Hawa wawili waliwatumia. Waliwachukua wanafunzi wa kundi la kwanza ambao hawakumeza dawa mwaka 1998, wakawalinganisha na wale wa kundi la pili ambao dawa ilipofika shuleni kwao mwaka uliofuata nao hawakuimeza. Asiyetibiwa akalinganishwa na asiyetibiwa. Tofauti ikawa moja tu, kwamba wa kwanza alikuwa amekaa mwaka mzima kati ya wenzake waliotibiwa. Minyoo ilikuwa imepungua hata kwake. Niliposoma sehemu hiyo mara ya kwanza niliiweka makala chini kwa muda. Manufaa yanayomfikia jirani ni jambo ambalo kila mchumi hulitaja darasani. Hawa walilipima tumboni mwa watoto wa Budalangi.

Makala ilitoka katika jarida la Econometrica mwaka 2004. Utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizotibiwa. Alama za mitihani hazikupanda, na hilo nalo liliandikwa waziwazi, bila kufichwa kwenye tanbihi. Ukurasa wenye habari isiyopendeza ndio unaonipa imani na kurasa nyingine.

Mwaka 2001 waliuliza swali ambalo wafadhili walidhani jibu lake linajulikana: je, wazazi wakichangia kidogo, hawataithamini dawa zaidi? Katika sehemu ya shule familia ziliambiwa zilipe ada ndogo, wastani wa kama senti 30 za dola kwa mtoto. Pale dawa ilipokuwa ya bure, watoto 75 katika kila 100 waliimeza. Pale palipolipiwa, 18. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007, na tangu hapo anayependekeza uchangiaji wa dawa za kinga kwa maskini ana tarakimu mbili za kujibu.

Ningeweza kuishia hapo, kama tafiti nyingi zinavyoishia. Uhodari mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulianza mwaka 2003, walipochagua kati ya wanafunzi wale takriban 7,500 kwa bahati nasibu na kuamua kuwafuata maishani. Utafiti huo unafahamika kama uchunguzi wa maisha wa Kenya. Umekwenda kwa awamu: 2003 hadi 2005, 2007 hadi 2009, 2011 hadi 2014, kisha nyingine kuanzia 2017.

Kumfuata mtu kunatamkika kirahisi. Fikiria kijana aliyekuwa darasa la nne mwaka 1998. Mhojaji anaanza na kile alichonacho: jina, shule, majina ya wazazi. Anafika kwa mzee wa mtaa, anaeleza kilichomleta, anaelekezwa boma. Kijana hayupo, ameoa, ameolewa, au amekwenda kutafuta riziki Nairobi, Mombasa, ng'ambo ya mpaka Uganda au Tanzania. Dada yake ana namba ya simu, lakini imebadilika. Rafiki waliyesoma naye alimwona mwaka juzi stendi. Majina nayo yana safari zake: la ubatizo, la ukoo, la utani, na jina jipya baada ya ndoa. Kila kipande kinaandikwa, pamoja na tarehe na jina la aliyekitoa. Anayefika mwishowe kwenye chumba cha kupanga mjini akabisha hodi ana faili ndogo ya mtu ambaye hajawahi kumwona.

Lakini haiwezekani kumtafuta kila mtu bila kikomo, fedha huisha. Suluhisho walilotumia ni la kupendeza kwa urahisi wake. Hatua ya kwanza ya kila awamu huwatafuta wote kwa njia za kawaida. Wakishapatikana wanaopatikana, wanabaki wale wagumu. Kati ya hao huchaguliwa kama robo kwa bahati nasibu, na nguvu yote iliyobaki hutumika kwa hao tu: nauli za mbali, simu nyingi, kurudi mara ya pili na ya tatu. Kila mmoja wao akipatikana hupewa uzito wa kuwawakilisha watu wanne wa kundi lile gumu, yeye akiwemo. Mtu asiyepatikana kwa urahisi mara nyingi ndiye aliyehama, na aliyehama ana habari tofauti na aliyebaki kulima shamba la baba yake. Ukitosheka na walio karibu, unaishia kupima kijiji badala ya kizazi. Kwa njia hii, katika awamu zake, utafiti umewapata zaidi ya asilimia 80 ya waliotafutwa. Anayejua jinsi vijana wetu wanavyobadilisha laini za simu na makazi atapima mwenyewe uzito wa tarakimu hiyo.

Kisha dodoso. Kupima ulaji wa nyumba si kuuliza tu unatumia shilingi ngapi kwa mwezi, hakuna anayejua. Mhojaji hutenganisha: unga ulionunuliwa na mahindi yaliyotoka shambani, ambayo nayo hupewa bei ya sokoni, sukari na mafuta kwa wiki iliyopita, kodi ya nyumba na salio la simu kwa mwezi, ada na sare kwa mwaka. Kila kitu kwa kipindi ambacho kumbukumbu ya binadamu inaweza kukibeba. Swali linaulizwa kwa lugha ambayo mhojiwa amestarehe nayo, na linaulizwa kwa maneno yaleyale kwa kila mtu, hata kwa mhojiwa wa tano wa siku, jua likiwa limeelemea magharibi. Kazi hii hufanywa na vijana wa Kenya ambao majina yao hayasikiki kwenye mihadhara ya Ulaya na Marekani. Profesa ndiye anayeweka sahihi juu ya makala, lakini uthabiti wa makala ni subira yao.

Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2021. Waliopata miaka miwili hadi mitatu zaidi ya dawa walikuwa na matumizi ya juu kwa asilimia 14 na kipato cha saa cha juu kwa asilimia 13. Walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuishi mjini na kufanya kazi zisizo za kilimo. Faida ilionekana zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake, na hilo watafiti walilieleza badala ya kulizungusha. Linauma kulisoma: kidonge kilekile, lakini mlango wa kazi aliokutana nao msichana wa Budalangi alipokua haukufunguka kama wa kaka yake.

Safari haikukosa mashimo. Miguel na Kremer walitoa data zao na maelekezo ya kompyuta kwa watafiti wengine wa afya, wakijua fika kwamba wanatafutiwa makosa. Mwaka 2015 uhakiki huo ulichapishwa na makosa yakaonekana. Kubwa lilikuwa katika kuhesabu shule za jirani: hesabu ya awali iliishia kwenye shule 12 za karibu zaidi badala ya kuzitazama zote. Iliporekebishwa, faida kwa shule zilizo ndani ya kilomita 3 ilibaki, lakini ya mbali zaidi, kati ya kilomita 3 na 6, ilififia. Mjadala uliwaka magazetini na vyuoni, mkali kuliko ilivyohitajika. Waandishi walikubali kosa la hesabu, wakatetea kilichosimama, na data zikabaki wazi.

Wakati huo Miguel alikuwa tayari ameligeuza suala la uwazi kuwa tawi la kazi yake. Katika utafiti mmoja wa Sierra Leone, uliochapishwa mwaka 2012, yeye na wenzake Katherine Casey na Rachel Glennerster waliandika na kusajili mapema watapima nini na kwa njia gani, kabla data hazijafika, kama mwashi anayetundika timazi kabla ya kupandisha tofali. Baadaye wakaonyesha kwamba bila mpango ule wangeweza kuchagua vipimo vichache vya kuthibitisha kuwa mradi umeimarisha taasisi za vijiji, au vingine vya kuthibitisha kuwa umezidhoofisha, kwa data zilezile. Mwaka huohuo wa 2012 alishiriki kuanzisha Berkeley kituo cha kutetea uwazi katika sayansi za jamii.

Msomaji wa Tanzania ana sababu yake ya kumjua. Mwaka 2004 Miguel alichapisha ulinganisho wa Busia na Meatu, wilaya iliyokuwa Shinyanga wakati huo na sasa iko Simiyu. Zote mbili ni za vijijini, zote zina makabila mchanganyiko. Busia, mahali penye mchanganyiko mkubwa palichanga kidogo kwa ajili ya shule. Meatu, mchanganyiko haukuzuia mchango. Alielekeza kidole kwenye siasa za ujenzi wa taifa za Mwalimu Nyerere: Kiswahili, mitaala, serikali za vijiji zilizochukua nafasi ya machifu. Wilaya mbili ni mbili tu, na mimi nisingejenga nadharia nzima juu yake. Lakini hoja imewekwa mahali inapoweza kupimwa na wengine, na katika mjadala huu ambao kwetu hujaa sifa na lawama, hiyo ni hatua. Mwaka uliofuata alitoa makala nyingine ya Meatu, ngumu kusoma, iliyoonyesha kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi, wengi wao vikongwe wanawake, yaliongezeka takriban maradufu, huku mauaji mengine yasibadilike. Alitembeza dodoso vijiji 67 kulifahamu jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti.

Siaya, kusini mwa Busia, yeye na wenzake walitazama shirika la GiveDirectly likiwapa kaya zaidi ya 10,500 takriban dola 1,000 kila moja, katika eneo la vijiji 653. Wao hawakuishia kwa waliopewa. Walikwenda kila mwezi masokoni kuandika bei, na wakawahoji wenye maduka na wasiopata kitu. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, na kila dola iliyoingia ilizungusha uchumi wa eneo kwa kama dola 2.5. Ni swali lilelile la Wafula na Achieng: jirani alipata nini?

Sasa zamu ni ya kizazi cha pili. Waliokuwa watoto mwaka 1998 wameulizwa habari za watoto wao, na makala iliyotoka mwaka 2023 ilikuta kwamba vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 22 katika familia za waliopata dawa mapema zaidi.

Data za shule zile 75 zimewekwa wazi mtandaoni, majina yakiwa yameondolewa, pamoja na mwongozo unaoeleza kila safu ya tarakimu ina maana gani. Wanafunzi wa uchumi wa Maseno, Makerere, Dodoma na Dar es Salaam, ninyi mnaojua Budalangi ni wapi na mzee wa mtaa huamkiwaje, zipakueni. Zihesabuni upya, na mkikuta kosa liandikeni.